Posa ya Tukutuku

Nyuma ya pazia, Muzdalifa alikuwa amebana pumzi. Sebuleni kwao, pale Kibiti, wageni kutoka Bungu walikuwa wameketi mkekani: mshenga Bashiru, na pembeni yake Mudathiri mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuwepo ila alishindwa kukaa nyumbani.

“Mzee Shaabani,” Bashiru alianza kwa mafumbo, kama posa inavyotaka, “tumesikia humu ndani mna kitu mmekitunza vizuri. Kijana wetu amekiona, usingizi umemruka. Tumekuja kukiomba.”

Baba yake Muzdalifa akaguna.

“Hakitoki.”

“Taratibu, mzee. Hata hatujamaliza.”

“Nimechoka, bwana. Juzi wamekuja watu wa Dar na gari lao. Wamekipapasa, wamekitikisa, mmoja akakipanda kabisa.”

Bashiru akamkodolea macho.

“Na wewe ulikuwepo?”

“Mimi ndiye niliyemshikilia asianguke.”

Muzdalifa akajishika kichwa. Mama yake, Mwanamina, aliyejibanza naye nyuma ya pazia, alimkazia jicho la kuuliza, naye akakana kwa mikono yote miwili.

“Tena kimezeeka,” mzee akaendelea. “Sauti kilikuwa nayo nzuri, ila asubuhi kiligoma mpaka ukipige mateke.”

Bashiru akaanza kutafuta viatu vyake.

“Tunashukuru kwa kusema ukweli, mzee. Sisi tutaaga.”

“Baba,” Mudathiri akasema, “unazungumzia tukutuku?”

“Kwani nyie mmefuata nini?”

“Muzdalifa.”

Mwanamina akacheka mpaka khanga ikamvuka bega, na Bashiru akakaa tena akijifuta jasho.

Hilo tukutuku lilikuwa pikipiki ya vita, BSA ya Kiingereza. Mzee Shaabani alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki kama hiyo enzi za Vita vya Pili, na vita vilipokwisha akanunua moja kwenye mabaki ya jeshi. Ilipokufa akailaza jikoni chini ya magunia. Sasa zama za ruksa zimeingia, biashara imefunguliwa, matajiri wa Dar wanazisaka kama dhahabu. Mudathiri, fundi wa Bungu, naye alizisaka, lakini zake hakuuza hata moja. Alikuwa nazo tatu, na mojawapo aliitoa Kiongoroni, kule delta ya Rufiji, kwa mtumbwi, baada ya kukuta wavuvi wameigeuza nanga.

Mzee hakucheka.

“Umeshakuja hapa mara nyingi kuliomba tukutuku, nikakunyima. Leo unaomba binti. Nitajuaje kama hupitii mlango wa nyuma?”

Swali hilo Muzdalifa alikuwa akilala nalo na kuamka nalo. Akafunua pazia na kutoka, aibu akaiacha hukohuko.

“Mudathiri, siku ya kwanza ulifuata nini hapa?”

“Pikipiki.”

“Ya pili?”

“Pikipiki.”

“Mimi ulianza kunifuata lini?”

“Siku uliyonifukuza, ulikuwa unafagia. Njia nzima mpaka Bungu nikawa nauwaza ule ufagio.”

Muzdalifa alitaka kucheka, akajikaza.

“Nakupenda, sifichi. Ila sitaki kuolewa niwe risiti ya pikipiki. Nitajibu nikiwa na hakika.”

“Basi kwanza litengeneze liwake,” mzee akamwambia kijana. “Na sikuahidi chochote.”

Masika yote Mudathiri alikuwa mtu wa Kibiti. Alisugua kutu kwenye tangi, akazibua kabureta, akachonga kwa tupa vipuri ambavyo Dar nzima havikuwepo.

“Mbona unalisemesha sana?” Muzdalifa alimtania. “Mimi hunisemeshi.”

“Lenyewe halinijibu vibaya.”

Siku lilipowaka, kuku walikimbilia kwa jirani. Mzee Shaabani akavaa koti lake la jeshi, machozi yakimlengalenga. Mwanamina akakataa katakata kupanda, kwa hiyo Muzdalifa akakaa nyuma ya baba yake. Wakaondoka kwa moshi na kelele, Mudathiri akiwakimbilia kwa nyuma.

“Baba, punguza mwendo!”

Mzee hakuzisikia hizo habari. Walipofika penye mchanga, pikipiki ikayumba na kulala ubavu, baba akaenda huku, binti akaangukia kwenye shamba la mihogo. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka na petroli inatiririka. Muzdalifa aliinua kichwa akamwona Mudathiri anakuja mbio, na pikipiki ikiwa katikati yao. Hakuizunguka. Aliipanda juu kwa miguu, akaikanyaga taa ya mbele, na kile kioo cha asili alichokuwa akikifuta kwa shati lake kikapasuka vipandevipande.

“Umeumia wapi?”

“Sijaumia.”

“Inua mkono. Na huo mwingine.”

Nyuma yao mzee alitema mchanga.

“Mudathiri, umeivunja taa yangu.”

“Taa gani, baba?”

Wala hakugeuka. Muzdalifa alikitazama kipande cha kioo kilichonasa kwenye kandambili ya Mudathiri, moyo ukajaa furaha, akamgeukia baba yake.

“Baba, waambie wazee wa Bungu waje kuchukua tarehe.”

“Tarehe ya nini?” Mudathiri akauliza, bado anamkagua kifundo cha mguu.

“Ya harusi yako, bwana,” mzee akamjibu, huku ameinama anaokota vipande vya taa.