Namba Nyeusi na Namba Nyekundu

Zamani zile za Wabelgiji, mimi Victorine nilikuwa msomi wa nyumba yetu kule Kasongo. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule ya Masista, nilimusomea koko, mama ya mama yangu, kila kitu chenye maandishi: karatasi ya sabuni, gunia ya chumvi, hata kopo ya mafuta. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinisikiliza kama vile ninasoma Injili, nami nikavimba kichwa kama mukate kwenye mafuta ya moto.

Mwaka ule Masista walituambia: daktari wa macho iko Kindu, lakini mpaka mwisho wa juma tu. Treni ya kwenda kule ilipita mara moja kwa juma. Tukavuka Lualaba kwa mutumbwi, tukafika mapema kwenye gare, kituo cha treni, na tiketi mbili za wagon ya sita na kuku mumoja kwenye kikapu.

"Tukae hapa kivulini," koko akasema. "Treni ikitokea utapiga kelele, italeta mulango hapa."

"Koko! Treni si mutumbwi! Inasimama kwa alama zake."

Kando ya reli kulikuwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ah, mawe yale! Yalikuwa meupe kama meno ya mutoto, sijui kama yangali pale. Kila jiwe lilikuwa na namba mbili, moja nyeusi, moja nyekundu. Kule mwisho kabisa, karibu na tanki ya maji, niliona 6 nyeusi, na chini yake 1 nyekundu. Hiyo nyekundu ilinisumbua kidogo. Lakini mufanyakazi wa gare, Papa Faradji, alikuwa pale na ndoo yake ya rangi, akiniangalia.

"Mutoto, unajua maana ya hizi namba?"

"Najua, papa. Mimi niko mwaka wa tano!"

"Ee, mwaka wa tano!" Akacheka, akaendelea kupaka.

Nikamuongoza koko polepole, fimbo yake tok, tok, mpaka kwenye tanki.

Treni ikaja na moshi wake wa kuni, ikasimama. Mbele yetu ilikuwa wagon ya kwanza, ile ya Wazungu, yenye mapazia. Mulinzi akanyoosha mukono: "Hapa hapana! Nyinyi kule mwisho!"

Wagon ya sita ilikuwa mbali sana, na treni ilisimama dakika tano tu.

"Victorine," koko akauliza kwa sauti ndogo, "treni imekosea?"

Nilitamani kusema ndiyo. Kisha nikapaza sauti: "Papa Faradji! Nilidanganya! Sijui hizi namba! Utusaidie!"

Faradji akatupa burashi, akakamata pusipusi, kigari cha kusukuma mizigo, akamuweka koko juu pamoja na kuku wetu, akaanza mbio. Mimi nyuma.

"Polepole, muzee! Mimi si gunia ya mupunga!" koko akalalamika.

Watu wa wagon ya sita wakanyoosha mikono, wakamuvuta ndani. Filimbi ikalia nikiwa bado na mguu mumoja chini.

Faradji akatembea kando ya dirisha, akihema. "Wagon ya kwanza inafuata mashine inayovuta treni, siku zote. Namba nyeusi ni za treni ya Kongolo, ile inayokwenda upande mwingine, nyekundu za treni ya Kindu. Kusoma ulisoma vizuri, mutoto wangu. Lakini nilikuuliza ili nikufundishe, na wewe ukanifunga mudomo. Kusema 'sijui' si haya. Haya ni kumuacha koko nyuma sababu ya kiburi."

Kule Kindu, daktari alimupasua koko macho. Siku ya kutoka, Sista mumoja akanipa chupa ya dawa. "Unajua kuitumia?"

Maandishi yake niliyasoma yote.

"Nimesoma, Sista, lakini sijaelewa. Unieleze."

Akaeleza. Koko, kitambaa kikiwa bado machoni, akanigusa bega.

"Uliza tena, mutoto wangu. Uliza mpaka achoke. Macho ninayo haya mawili tu."