Mchezo Usio na Chifu

Jumamosi ilikuwa zamu ya kina Kawira kupata maji ya mradi. Mama yake alikuwa akipalilia maharagwe. Kawira alikaa kando ya mfereji, mtungi ukijaa, akijisomea kwa sauti. Kuku peke yao ndio waliomsikiliza, na hata wao walianza kuondoka mmoja mmoja.

Kawira alikuwa kidato cha tatu katika shule moja huko Kianjai. Alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza kuhusu majirani wawili wanaogombania maji. Aliuandika kwa moyo wake wote. Lakini wenzake walipousoma darasani, walipiga miayo. Mwalimu Njeru, msimamizi wa michezo ya kuigiza, alimwita kando.

"Kawira, siku ya wazazi inakaribia," alisema. "Ukiurekebisha, tutaigiza wako. La sivyo, tutarudia ule wa mwaka jana."

"Niurekebishe wapi, mwalimu?"

Mwalimu alikuna kichwa. "Kusema kweli, hata mimi sijui. Nilifundishwa kusoma tamthilia. Kuziandika sikufundishwa."

Kawira alivunjika moyo. Ule wa mwaka jana uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kianjai! Yeye alitaka watu wa kwao wajione jukwaani.

Sasa, pale mferejini, akasikia sauti. Ilikuwa ya Gladwell, jirani yao. Gladwell aliandika michezo ya redio mjini Meru, na wikendi alikuja kumwona mama yake.

"Muga, Kawira!" alimsalimu kwa Kimeru. "Unagombana na nani?"

"Muga, auntie. Nagombana na mchezo wangu."

Gladwell aliomba kuusoma. Aliketi juu ya jiwe akausoma wote. Alipofika mwisho, aliinua macho.

"Huyu chifu anafanya nini hapa?"

"Anawapatanisha. Anawahutubia."

"Kurasa mbili nzima?"

"Kwani auntie, chifu akija si lazima ahutubie?"

Gladwell alicheka mpaka akashika ua wa shamba asianguke. Kawira naye alicheka, ingawa hakujua kosa liko wapi. Barazani kila ugomvi huisha kwa hotuba ya chifu. Ndiyo maana michezo yote ya pale shuleni iliishia hivyo.

"Sikiza," Gladwell alisema. "Kwa baraza tunakaa kwa sababu tumeitwa. Kwa mchezo tunakaa kwa sababu tunataka kujua itakuwaje. Chifu akishamaliza kila kitu, mtu anaanza kutafuta mlango. Sasa niambie, huyu jirani wa kwanza anataka nini?"

"Maji. Nyanya zake zinakauka."

"Nini kinamzuia?"

"Si zamu yake."

"Basi anafanya nini?"

"Anasema, 'Nimekasirika sana, kwa sababu maji ni uhai na...'"

"Ngoja! Nimeuliza anafanya nini, si anasema nini. Baba yako akitaka maji na si zamu yake, anafanya nini?"

Kawira alitazama upande wa nyumba, akashusha sauti. "Anavaa koti lake la kijani. Anasema anaenda kuangalia ndizi. Vali ya maji iko hapo kwa ndizi."

"Na mzee Thuranira, jirani yenu?"

"Anaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu, ndio baba ajue ameonekana."

"Unaona sasa? Hakuna mtu amesema amekasirika, na mimi tayari nataka kujua itakuwaje!"

Kawira alihisi furaha ikimpanda. Mchezo ulikuwa hapo nyumbani siku zote. Lakini kisha akaogopa. "Auntie, na baba akijiona?"

"Badilisha jina. Badilisha mazao. Halafu mpende huyo mtu unapomwandika. Usimwandike kwa kumkomoa."

Kawira aliandika upya. Nyanya zikawa kabeji. Chifu akaondolewa. Mwalimu Njeru alimwalika Gladwell shuleni, na wanafunzi wakaujaribu mchezo wakiwa wamesimama. Maneno yaliyowakwaza ulimi yalikatwa. Hotuba ziligeuzwa kuwa vitendo. Mwalimu mwenyewe alikaa na wanafunzi akijifunza, na hakuna aliyepiga miayo.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mwigizaji mkuu, Mugendi, alihitaji koti, na Kawira alimletea la kijani bila kumwuliza mwenye koti. Mugendi alitokea jukwaani akinyata. "Naenda tu kuangalia ndizi," alisema.

"Wewe! Hilo koti ni langu!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Muthamia, baba yake Kawira. Watu walivunjika mbavu. Nyuma ya pazia, Kawira alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akasikia kicheko kimoja kikubwa kuliko vyote. Alikijua. Kilikuwa cha baba yake. Kando yake, mzee Thuranira alianza kuuimba ule wimbo wake wa kanisa, na ukumbi mzima ukaitikia. Waigizaji walilazimika kungoja.

Mwisho wa mchezo, jirani mmoja alimwona mtoto wa mwenzake amebeba mtungi mtupu. Akaenda akafungua vali. Kule ukumbini, mama mmoja alifuta machozi.

Chifu, aliyekuwa mgeni wa heshima, aliombwa ahutubie. Alisimama, akatazama jukwaa, akatazama watu. "Mimi leo sina la kuongeza," alisema, akaketi. Alipigiwa makofi kuliko siku zote.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya masomo, Mwalimu Njeru huwafundisha wanafunzi kuandika michezo. Gladwell huja anapopata nafasi. Kila mwandishi mpya huulizwa maswali yale yale: mtu wako anataka nini, nini kinamzuia, anafanya nini?

Nako nyumbani, Jumapili moja jioni, Muthamia alivaa koti lake la kijani. "Naenda kuangalia ndizi," alisema.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Muthamia alisimama mlangoni kidogo. Kisha akacheka naye, akavua koti, akaketi.