Paja la Mama Mkwe

Persis na Nyakundi walikutana sokoni Daraja Mbili, kila mmoja ameshika mkungu uleule wa ndizi. Persis gauni jekundu, limembana panapostahili. Nyakundi shati jeupe, pasi kali kama kisu.

"Achia, bwana. Utachafuka."

"Nipe namba yako niachie, mrembo."

Namba akapata, ndizi akakosa. Kumbe ni daktari mjini Kisii! Simu zikapigwa miezi mitatu, sikio likapata joto kuliko jiko.

Jumapili moja Persis akampeleka nyumbani Sironga, amwone mamaye, Abigael. Mama alipomwona mgeni mlangoni, alijitupia leso usoni akakimbilia jikoni, na ule mguu wake mbovu! Nyakundi naye akageuka, akaondoka hata chai hajaonja.

Kuanzia siku hiyo Persis akipiga simu, Nyakundi hashiki. Mama naye akagoma kwenda kudungwa sindano za saratani, huko alikokuwa akisindikizwa na wamama wa kanisa, Persis hamjui hata daktari wake. Wiki tatu. Persis akachemka, akaenda hospitalini kwa Nyakundi, akaupiga mlango wa ofisi yake teke.

"Umekimbia ugonjwa wa mama yangu! Mwoga wewe!"

"Persis, mpenzi, punguza sauti."

"Nipunguze? Naongeza!"

Nje, wagonjwa wakasogeza benchi karibu na dirisha wasipitwe.

"Mimi ndiye ninayemdunga," Nyakundi akasema, jasho likimtoka. "Saratani ilianza unyayoni ikapanda mpaka pajani. Tuko kwenye majaribio ya virusi vilivyopunguzwa ukali. Tunavidunga ndani ya vivimbe, vinapasua saratani, na mwili wenyewe unaamka kupigana. Nimemdunga mara nne bila kujua ni mama yako. Nimeona paja la mama mkwe, Persis! Kwetu mkwe hata kwa mkono hasalimiwi. Nitaingiaje kwenu?"

"Vivimbe vinasemaje?"

"Viwili vimenywea. Lakini sasa hata mwenzangu nikimwachia, mama haji. Akiendelea kukosa, vitarudi."

Hasira ya Persis ikahama, ikapanda mlima wa Sironga. Akapiga simu, akaweka spika.

"Mama! Unataka kufa kwa aibu?"

"Mwanangu, nitamfunulia mkwe paja?"

"Mkwe gani? Ameleta ng'ombe?"

Mama akajikohoza.

"Nakuuliza, ameleta?"

"Hata kwato sijaona."

"Basi huyu ni daktari tu!"

Mama akaguna. "Mwambie asilete hata mkia, mpaka sindano ziishe."

Persis akakata simu, akamgeukia Nyakundi, macho bado moto.

"Zimebaki ngapi?"

"Nane. Kila wiki mbili."

"Miezi minne basi, wewe si wangu. Usinipigie. Usiniite mrembo."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo leta ng'ombe. Na usithubutu kumtazama mama yangu tena mpaka ufe!"

Akaubamiza mlango, benchi likapiga makofi.

Alhamisi Abigael alifika. Akalala kitandani, paja nje, uso wote ndani ya leso.

"Daktari," akasema kutoka humo ndani, "mimi sikujui, na wewe hunijui. Dunga haraka, binti yangu anangoja ng'ombe."