Cherehani Hakichukuliwi Nyumbani

Yasinta ni fundi wa nguo. Anaishi Area D, Dodoma, na mtoto wake Joshua, na mama mkwe wake, Mama Paulina. Mume wake, Marko, alikuwa Makutupora kwenye mavuno ya zabibu.

Kazi kubwa ya Yasinta ni sare za shule. Lakini mwaka huu wazazi walikuja juu. Walisema sare zake zinafumuka nyuzi zikifuliwa mara tatu tu. Yasinta aliwanunia, kisha akakubali moyoni kwamba wanasema kweli. Alihitaji ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akiikosa, wateja wangehamia kwa fundi mwingine.

Alikuwa na vyerehani viwili vya miguu. Akaamua kuuza kimoja. Asubuhi moja alikitoa nje penye mwanga, akakiweka ukutani karibu na geti, akakipiga picha. Akaweka tangazo kwenye kundi la kuuza na kununua katika simu yake. Kabla ya uji wa saa nne, mteja wa kwanza alikuwa ameshaandika. Alijiita Charles. Kwenye picha yake hapakuwa na mtu, palikuwa na gari.

"Nakitaka," aliandika. "Nitakuja kukichukua nyumbani. Nielekeze."

"Huulizi bei?" Yasinta akajibu.

"Bei haina shida. Mzee yupo hapo nyumbani?"

Yasinta aliusoma ujumbe huo mara mbili. Dodoma hii, mtu asiyeomba kupunguziwa bei ametoka wapi? Na mume wangu anamhusu nini? Hakumjibu.

Siku iliyofuata alikwenda soko la Majengo kununua nyuzi na vifungo. Aliporudi, alimkuta Mama Paulina uani anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mteja wako alikuja."

"Mteja gani?"

"Wa cherehani. Kijana mwenye adabu. Amenisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, kama mtu wa kwetu Mvumi. Nimempa maji, amekitazama cherehani. Ameuliza kama Marko yupo. Halafu akaomba kwenda chooni."

Yasinta aligeuka kutazama upande wa choo. Choo kiko nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na mlango ule una kitasa kibovu. "Mama, nani amemwonyesha nyumba? Mimi sikumwelekeza mtu."

"Mimi nitajuaje?"

Yasinta alianza kufikiri haraka, na vibaya. Mama Paulina huongea na kila mtu. Bombani huongea, kwenye genge la nyanya huongea, kanisani ndiyo usiseme. Nani mwingine angeweza kutoa siri ya nyumba? Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mama, ni wewe. Umetangaza huko bombani mpaka mtu ameijua nyumba."

Mama Paulina aliacha kupepeta. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, na Yasinta akasikia zipu ya begi inavutwa.

"Kesho narudi Mvumi," Mama Paulina alisema kutoka ndani. "Mkwe akishakuona mmbea, hukai kwake."

Yasinta alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na aibu, lakini bado aliamini ana haki. Jioni ile kila mtu alikula peke yake.

Asubuhi simu ilitoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa kupokea pesa, bei yote aliyoitaja kwenye tangazo. Mara Charles akapiga.

"Dada, umeona? Nimeshatuma. Guta liko njiani kuja kuchukua mzigo. Mpe dereva haraka, nimemlipa kwa saa."

"Kwa nini huji mwenyewe?"

"Niko kikaoni. Dada, pesa unayo, sasa unaogopa nini?"

Kwa kweli hata Yasinta hakujua anaogopa nini. Ila alijua hapendi kuharakishwa. Akakata simu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka mbio mpaka kibanda cha Stara, wakala wa pesa za simu kwenye kona ya mtaa. Stara amekaa katika kibanda kile miaka saba. Ameona machozi mengi.

"Dada Stara, hebu nitazamie ujumbe huu."

Stara hakuutazama hata kidogo. "Kwanza tazama salio lako, Mama Joshua. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Salio hawezi kulipachika."

Yasinta alibonyeza namba za kuangalia salio. Lilikuwa lilelile la jana, pesa ya kununulia vocha na mkate.

"Sasa tazama nani ameutuma," Stara akasema. "Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma. Huu umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, kama yangu na yako."

Yasinta aliiona namba, akageuka kutazama njia ya nyumbani. "Guta lake linakuja nyumbani sasa hivi. Jana alikuja mwenyewe, mama mkwe akamkaribisha. Mama ndiye aliyemwambia nyumba ilipo."

"Umemwuliza?"

"Nimemwambia."

"Kumwambia siyo kumwuliza. Nionyeshe tangazo lako."

Stara aliikuza picha kwa vidole viwili. Cherehani kilionekana vizuri. Nyuma yake ulionekana ukuta, na kwenye ukuta, kile kibao cha anwani kilichopigiliwa kila nyumba. Namba ya nyumba ilisomeka. Jina la mtaa lilisomeka.

"Aliyemwambia ni huyu hapa," Stara alisema, akigusa kioo. "Na mpiga picha ni wewe."

Yasinta alikumbuka mlio wa zipu ya begi.

"Sikiliza," Stara aliendelea, sasa kwa upole. "Mtu anayetaka cherehani huuliza cherehani. Huuliza kama kinaruka mshono, kama mkanda wake ni mzima. Huyu aliuliza mume. Alikuja kupima nyumba, na chooni alikwenda kutazama milango. Leo tengeneza kitasa. Ile namba yake peleka ofisi ya mtaa na kituo cha polisi. Usiifute."

Yasinta alirudi anakimbia. Guta lilikuwa limeshafika. Dereva alisimama nje ya geti, na ndani ya geti alisimama Mama Paulina. Alikuwa amevaa nguo za safari, begi liko miguuni.

"Mama, nisaidie tu kukitoa," dereva alikuwa akisema.

"Mwenye mali hayupo," Mama Paulina alijibu. "Hata ukisimama mpaka jioni."

Dereva hakuwa na kosa. Alikodiwa kwa simu, akaahidiwa malipo akifikisha mzigo. Alipompigia Charles, simu ilikuwa imezimwa. Akatukana kidogo, akaondoka.

Yasinta alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. "Mama, nisamehe. Ni picha yangu ndiyo iliyoonyesha nyumba. Nimekusingizia."

Mama Paulina alifunga geti. "Kumfungulia mgeni nisiyemjua, hilo ni kosa langu. Lakini hukuniuliza, mwanangu. Ungeniuliza ningekujibu."

"Ndiyo, mama."

"Inuka, unachafua khanga." Akasema hivyo, lakini begi hakulirudisha chumbani. Aliliacha mlangoni, na Yasinta alilipita kila alipoingia na kutoka.

Siku hiyo, baada ya kutengeneza kitasa na kuipeleka ile namba ofisi ya mtaa na polisi, Yasinta aliondoa lile tangazo. Alipiga picha mpya ndani, shuka jeupe likiwa limetundikwa nyuma ya cherehani. Hapakuonekana ukuta, dirisha wala geti. Chini yake akaandika: "Kukitazama na kukichukua ni mchana, kwenye kibanda cha wakala. Nyumbani hatupokei wateja."

Wawili walisoma, wakanyamaza. Wa tatu akapiga. Alikuwa mama wa Makole, jina lake Mwamvua.

"Afadhali umeandika hivyo," Mwamvua alisema. "Hata mimi siingii nyumba ya mtu nisiyemjua. Lakini nitajuaje kama kinashona?"

"Njoo na kitambaa chako. Utakijaribu palepale."

Yasinta alikata simu, akamgeukia mama mkwe wake. Safari hii aliuliza. "Mama, utanisindikiza? Sitaki kwenda peke yangu."

Mama Paulina akavaa viatu.

Walikodi guta la jirani wanayemjua, wakakishusha cherehani barazani kwa Stara. Mwamvua alifika na mwanamume mmoja, mdogo wake. Mama Paulina alimkagua mwanamume yule toka kichwani mpaka miguuni. Mwamvua naye alikikagua cherehani namna hiyohiyo. Alishona mstari mmoja, akavuta uzi, akashona mwingine. Akaomba kupunguziwa, na Yasinta akafurahi kusikia hivyo. Walipokubaliana, Stara aliandika karatasi mbili za mauziano, wote wawili wakaweka sahihi na namba za simu.

Mwamvua akatuma pesa. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Yasinta. Mdogo wake Mwamvua akainama kubeba.

"Ngoja kwanza, baba," Mama Paulina alisema, mkono wake juu ya meza ya cherehani. "Mwanangu hajatazama salio."

Yule mwanamume alisimama wima. Mwamvua alicheka, akasema hata yeye angefanya hivyo.

Yasinta alitazama salio. "Imeingia, mama."

Ndipo Mama Paulina alipoondoa mkono.

Walipokuwa bado barazani, Marko alipiga kutoka Makutupora. Jirani alikuwa amemtonya kwamba mama yake anafungasha. Yasinta alipokea, akaanza kujieleza, akakwama. Mama Paulina akamwondolea simu sikioni.

"Marko, mkeo alinikosea, akaniomba radhi. Yamekwisha."

"Alikukosea nini, mama?"

"Nimesema yamekwisha. Tuache, tunakwenda kununua ovaloki."