Panda, Bi Mdogo

Gita lilinyamaza, na hakuna aliyeligusa.

Ili uelewe kwa nini jambo dogo kama hilo lilimfanya mtu mzima aweke chini pasi yake ya kulehemu, ni lazima ujue tabia ya gita la umeme. Ukilichomeka kwenye spika na kuliacha peke yake, huvuma. Mvumo wenyewe ni wa chini, kama wa friji iliyozeeka. Ukiweka kiganja juu ya nyuzi zake, mvumo hukatika, kwa sababu mwili wa binadamu huumeza. Ukiondoa kiganja, mvumo unarudi. Kila anayetengeneza magita anajua hivyo.

Sasa gita jekundu lilikuwa ukutani, na mwenye nalo alikuwa upande wa pili wa chumba, ameinamia meza. Likavuma, likanyamaza. Likavuma tena. Kisha likanyamaza kwa muda mrefu, kama vile mtu amelishika na kusahau kutoa mkono.

"Waya umelegea tu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Watu walimwita Bwana Miwani, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kupima macho na kuuza miwani. Wiki nzima alichungulia macho ya wenzake. Ikifika Jumamosi alijifungia chumba cha nyuma, kilichokuwa cha watoto kabla hawajaoa na kuolewa, akachonga mbao, akapiga msasa, akazungushia sumaku waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Magita yalimjaa nyumbani. Mawili yalikaa kwenye kochi kama wageni. Na kupiga hajui! Wimbo mmoja hawezi kuumaliza. Raha yake ilikuwa kuunda, kufungua, kufunga, kusikiliza uzi mmoja mmoja mpaka ukae sawasawa, basi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti nzito ya chini, ambayo ikitoka dirishani watoto wa mtaa wa pili wanaacha ugomvi. Bwana Miwani aliipenda sauti hiyo kabla hajampenda mwenyewe. Aliisikia nyuma ya pazia la zahanati, akasubiri mpaka mwenye sauti atoke. Hilo alilisimulia kila harusi waliyoalikwa.

Hakuwa na mwalimu wa magita. Alijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu, na kama wengi waliojifundisha, alizoea kusema na kazi yake. Akikaza uzi, aliubembeleza. Gita lina mwili, lina shingo, lina kichwa, na funguo za kukazia ziko kichwani. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa hayo kwa hayo.

"Panda. Panda, mama. Panda mpaka kichwani. Karibu. Hapo hapo. Kaa."

"Unambembeleza nani huko?" mkewe aliuliza kutoka jikoni siku gita jekundu lilipofungwa nyuzi kwa mara ya kwanza.

"Mke mwenzio! Bi Mdogo anaringa, hataki kupanda."

"Mwambie akishapanda aje aoshe vyombo. Mimi nimechoka."

Walicheka mpaka mume akatoka nje kufuta machozi. Tangu hapo gita likawa Bi Mdogo. Asubuhi wanamsalimu, jioni wanamuaga. Utani mtamu, nao ulikuwa umekaa mdomoni mwa nyumba ile kama mazoea.

Jumamosi hiyo, basi, Bwana Miwani alifungua mgongo wa gita, akalehemu upya ule waya aliouona umelegea, akafunga. Akachukua uzi mwembamba kuliko zote na kuanza kuukaza. "Panda, mama. Panda." Harufu ya vanishi ilikuwa imejaa chumbani, kama kawaida. Ghafla haikuwapo. Badala yake palinukia marashi ya waridi, mazito, yaliyokaribia kabisa, kama ya bibi harusi aliyesimama nyuma ya kiti chako.

"Baba watoto, chai tayari!"

Ilikuwa sauti ya kitoto. Alidhani mkewe anaigiza mmoja wa wanafunzi wake, akatabasamu, akazungusha ufunguo kidogo.

"Chai inapoa!" Safari hii sauti ilikuwa nyembamba zaidi.

Alimkuta mkewe jikoni amejishika koo. "Sijui nimepatwa na nini," alisema kwa sauti ile ile ya sindano. "Koo linavutwa. Linavutwa kwa juu."

"Mafua hayo. Kunywa kitu cha moto."

Alirudi chumbani akiwa na wazo ambalo aliona aibu kuwa nalo. Mkewe alikuwa sebuleni sasa, anaongea na dada yake kwenye simu. Bwana Miwani alishika ufunguo wa uzi mwembamba, akaulegeza robo mzunguko. Sebuleni sauti ikashuka. Akaukaza. Katikati ya neno "kesho" sauti ikapaa. Akalegeza, ikashuka, akakaza, ikapaa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, mtu asiyeamini herufi za ukutani mpaka mgonjwa azisome kwa jicho la kulia na la kushoto, alirudia tena, huku jasho likimtoka kwapani na harufu ya waridi ikimjaa puani mpaka akaionja, na alipokaza mara ya mwisho alimsikia mkewe akiguna kama mtu aliyevutwa nywele. Hapo aliogopa kweli. Akalegeza nyuzi zote sita zikaning'inia, akachomoa spika, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Mkewe aliongea vizuri jioni yote. Bwana Miwani hakumwambia kitu. Angeanzia wapi?

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, jua likiwa limewaka kila pembe ya nyumba, walisikia kitu kikilia nyuma ya mlango uliofungwa. Kriii. Kimya. Kriii. Bwana Miwani aliijua sauti hiyo kama anavyojua mlio wa geti lake: ni funguo za gita zinazozungushwa na mkono usio na haraka.

"Umemwacha nani huko?" mkewe aliuliza, na kabla swali halijaisha sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, ikapanda na kila kriii, neno likageuka filimbi, kijiko kikamdondoka, mgongo ukanyooka, kidevu kikainuka kama cha mtoto anayepimwa urefu ukutani, na mishipa ya shingo ikasimama mmoja mmoja chini ya ngozi, Bwana Miwani akaihesabu bila kutaka, akaona ni sita. Halafu uso ule ukamgeukia polepole, ukatabasamu kwa haya.

"Bwana," ilisema sauti isiyokuwa ya mkewe. "Mbona uliniacha katikati?"

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Hunijui? Bi Mdogo. Uliniambia nipande."

Bwana Miwani alimpigia simu dada wa mkewe, naye akafika kabla sahani hazijaondolewa mezani, na hakuja peke yake. Alikuwa na mganga, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa na mafua makali, ambaye alipiga chafya mara mbili mlangoni, akamtazama mgonjwa kwa muda mfupi tu, kisha akamvuta mume pembeni.

"Shemeji," dada alinong'ona, "mwambie kila kitu. Usione haya, huyu ndugu yangu anakwisha."

Akaeleza. Akafungua chumba cha nyuma, akaleta na gita lenyewe, ambalo alilikuta nyuzi zimekazwa kama chuma kitupu.

"Rudia maneno," mganga alisema, akijifuta pua. "Unapokaza, unasemaje?"

"Nasema... panda."

"Panda wapi?"

"Kichwani. Yaani kichwa cha gita, mama, hizi funguo ziko..."

"Najua ziko wapi. Halafu?"

"Karibu. Halafu... kaa."

Mganga alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechezea kiberiti kwenye stoo ya mafuta. "Baba, mimi nikitaka jini ampande mtu kichwani nipate kuzungumza naye, nafukiza, naimba, nabembeleza kutwa nzima. Na maneno yangu ni hayo hayo, hayazidi hata moja. Wewe ulikuwa unayasema kila Jumamosi. Tena ukampa cheo cha mke! Yeye kosa lake liko wapi? Kaitwa, kaja. Kaambiwa kichwani, kakipanda kichwa kilichokuwa karibu."

"Nikate nyuzi?" Alikuwa tayari ameshika koleo.

"Ukikata, umemkata huyo." Mganga aliinua kidevu kuelekea mezani, ambako mgonjwa alikuwa anahema kwa filimbi nyembamba. "Aliyempandisha ndiye atakayemshusha. Uzi mmoja mmoja, polepole, na kila uzi umwambie shuka. Kwenye wa mwisho atakuuliza ashukie wapi. Jibu ni moja tu: ulikotoka. Usiongeze neno. Umesikia? Wewe una ulimi mrefu."

Bwana Miwani alikaa chini na gita mapajani. Vidole vyake, vilivyozoea skrubu ndogo kama punje za mchanga, vilishika ufunguo wa kwanza. Alianza na uzi mnene.

"Shuka."

Uzi ulilalamika, ukashuka. Mshipa mmoja wa shingo ya mkewe ukalala. Dada alishika mdomo asilie.

"Shuka," kwenye wa pili. "Shuka," kwenye wa tatu. Wa nne uligoma. Ufunguo ulijirudisha dhidi ya vidole vyake, na akahisi wazi kabisa vidole vingine juu ya vyake, baridi, laini, vyenye pete, vikimpapasa kwa mapenzi huku vikikaza, naye akikaza upande wake, na mkewe katikati yao akiinuka taratibu kutoka kwenye kiti mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, macho yamegeuka, pumzi inaingia lakini haitoki, na Bwana Miwani akajua kwamba uzi huu ukikatika sasa hivi hatamsikia tena yule mwanamke wa nyuma ya pazia maisha yake yote.

"Nakupenda, mke wangu," alilia. "Shuka, wewe. Shuka!"

Ukashuka. Wa tano ukafuata. Ukabaki ule mwembamba kuliko zote.

"Shuka."

"Nishukie wapi, bwana?" Sauti ilikuwa imenywea, karibu ya kutia huruma.

"Ulikotoka."

Uzi ulilegea mara moja, ukajikunja kama unywele. Mkewe aliangukia mikononi mwa dada yake. Na katika kimya hicho, Bwana Miwani na mganga, waliokuwa wameinamia gita pamoja, waliisikia ile sauti kwa mara ya mwisho, ndogo, ya furaha.

"Ahsante. Nilitoka kinywani mwako."

Mganga aliruka nyuma. Mkoba ukamwangukia miguuni. "Fumba!" alinong'ona. "Baba, fumba mdomo! Usiufungue, wala kwa maji, wala kwa jina la Mungu, mpaka nirudi na aliyenifundisha." Akamkamata dada mkono. "Wewe una gari. Twende. Sasa hivi!"

Geti likalia, gari likaondoka. Bwana Miwani alibaki ameketi sakafuni, midomo ameibana, na nyuma ya meno yake palikuwa na ladha ya waridi na kitu kilichokuwa kinajigeuza taratibu kutafuta mkao, kama mgeni anayekagua kitanda.

"Wamekwenda wapi hao?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Nzito, ya chini, ya kwake mwenyewe. Machozi yalimtoka Bwana Miwani pale pale. Mkewe alijikokota, akaja kukaa mbele yake, akamfuta mashavu kwa viganja viwili.

"Mbona unalia? Nimeota ndoto ya ajabu. Sema basi."

Akatikisa kichwa.

"Huwezi kusema?"

Akatikisa tena. Akanyoosha mkono kutafuta kalamu, lakini mkewe alikuwa ameshamshika mkono huo na kuubusu. Alimkazia macho, na uso wake ukawa ule wa kazini, wa mwalimu ambaye kwa miaka mingi ametoa shanga, vifungo na vipande vya chaki katika vinywa vya watoto waliokataa kusema.

"Umemeza kitu? Umejing'ata ulimi?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkewe alimfuata kwa magoti, akampangusa paji la uso, akamwekea kidole gumba pale kwenye kona ya taya, mahali anapopajua, ambapo pakibonyezwa kinywa hufunguka chenyewe.

"Usiogope, baba," alisema kwa ile sauti. "Fungua. Fungua kidogo tu nione."

Akabonyeza.