Matone ya Orpa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Orpa alivuka barabara ya vumbi kwenda dukani kwa Papa Vénant. Duka hilo lilitazamana na shule yake kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na ndani yake mlikuwa na friji inayotumia sola. Katikati ya soda, Papa Vénant alimhifadhia kichupa cha dawa ya macho, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na friji.

Orpa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa na ugonjwa adimu ambao baba na mama yake walimrithisha bila wao wenyewe kuugua. Chembe ngumu, mfano wa chumvi, zilijikusanya kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Mwanga wa jua ulimchoma kama pilipili. Dawa pekee ya kuziyeyusha ilikuwa matone yale. Alipaswa kuyatia kila saa, tangu kuamka hadi kulala, na kichupa kilipaswa kukaa kwenye baridi.

Kwa hiyo kila kipindi kilipokwisha, Orpa alitoka darasani, akaenda dukani, akatia matone na kurudi machozi yakimtiririka.

"Malkia anaenda kunywa soda!" Audace, mwanafunzi mwenzake, alimkejeli siku moja, darasa zima likaangua kicheko.

"Njoo nikutie na wewe tone moja," Orpa alimjibu, "halafu tuone kama utacheka."

Basi Orpa alipokwenda hospitalini mjini Mbarara na mama yake kupimwa, alitarajia kusikia habari njema. Daktari Kyomugisha alimmulika macho kwa mashine, akatazama kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Chembe zimeongezeka," alisema. "Orpa, hukutia dawa."

"Nimetia, Docta."

"Kila saa?"

"Kila saa. Hata siku za mtihani."

Daktari alimgeukia mama yake. "Mama Orpa, watoto wengi wanachoka na dawa hii kwa sababu inawasha. Naelewa. Lakini inapatikana kwa shida sana. Kama hatumii, itabidi tumpe mtoto mwingine anayeingoja."

Mama yake Orpa aliinamisha kichwa kwa aibu. "Omba msamaha, Orpa."

"Siombi, mama. Siwezi kuomba msamaha kwa kitu ambacho sikufanya."

"Orpa!"

"Mnifunge, mnipige, nitasema vilevile. Nimetia dawa!"

Walipofika nyumbani mama yake alisema kwa sauti ya uchovu, "Umenitia haya mbele ya Docta." Maneno hayo yalimuumiza Orpa kuliko jua. Hata hivyo hakubadilisha kauli. Alijua alichofanya. Kama matone yameingia na macho hayaponi, basi kuna kitu kimeharibika mahali fulani, na yeye atakitafuta.

Kesho yake hasira ilimwamsha mapema kuliko siku zote. Alipofika dukani, Papa Vénant ndiyo kwanza anafungua mlango. Orpa alipita ubavuni mwake, akafungua friji. Haikuwa ikinguruma. Maji yalikuwa yametuama chini yake, na kichupa chake kilikuwa na joto kama kimetoka mfukoni.

"Papa Vénant, friji imezimwa!"

"Nimeizima sasa hivi nisafishe."

"Sasa hivi? Mbona soda zote ni moto?"

"Ewe mtoto, usinifundishe kazi yangu. Nenda shule."

Orpa alisimama mlangoni, akaishika miimo yake kwa mikono miwili. "Sitoki hapa. Docta ananiita mwongo. Mama ananiita mwongo. Wewe unajua kweli, useme!"

Wateja wawili waliokuja kununua sukari walisimama wakitazama. Papa Vénant aliwaangalia, akamwangalia Orpa, kisha akaketi juu ya kreti.

"Betri ya sola imechoka," alisema polepole. "Mchana jua likiwaka, friji inafanya kazi. Usiku ninaizima. Niliogopa watu wakijua wataenda kununua vinywaji fasi ingine, kwenye maduka ya wenzangu. Nilidhani joto la usiku peke yake haliwezi kuharibu dawa."

"Umeharibu, Papa."

"Nisamehe, mtoto wangu."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza twende kwa mama, halafu Mbarara. Utamwambia Docta kwa mdomo wako."

Papa Vénant alifunga duka siku hiyo, akaenda nao. Mbele ya daktari alieleza kila kitu, kofia ikiwa mkononi. Daktari Kyomugisha alisikiliza bila kumkatiza.

"Dawa hii ikilala kwenye joto, nguvu zake zinakwisha," alisema. "Orpa alikuwa akitia maji matupu." Kisha akakipigia simu kituo cha afya cha Nakivale, na muuguzi akakubali kuhifadhi vichupa vipya kwenye friji ya chanjo. Shuleni Orpa angebeba kimoja ndani ya kisanduku chenye barafu.

Miezi ilipita. Orpa aliporudi kupimwa, chembe zilikuwa zimepungua, na aliweza kusoma ubao bila kufumba jicho. Mama yake alimkumbatia pale pale.

"Nilikosa kukuamini, binti yangu," alisema.

"Na mimi pia nilikosa," daktari alisema. "Nilihukumu kabla ya kuuliza dawa inalala wapi. Sikia, Orpa. Kusema kweli mara moja ni rahisi. Kazi ngumu ni kuisema tena wakati wakubwa wote wamekataa, kisha kuamka na kwenda kutafuta ushahidi. Ungekubali uongo ili tu tusikukasirikie, leo ungekuwa unapoteza macho. Usiiache tabia hiyo."

Orpa alimtazama usoni bila kupepesa.

"Nilikuambia, Docta."

Daktari alicheka. "Uliniambia."