Mstari Uliokwama

Kila alasiri msichana huyo alitoka shuleni akaenda moja kwa moja kwenye duka la mama yake la uchapaji. Alifagia, akapanga karatasi, akaongea bila kituo. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Kompyuta ikiganda, alifanya kama mama: alibana swichi mpaka ikazimika, kisha akaiwasha. Dukani humo hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kila ugonjwa.

Lakini tangu iwekewe prosesa mpya, yaani ubongo wake, kompyuta iliganda kila mara. Vipeperushi vya mazishi ya mzee jirani vilikuwa bado ndani yake, na mjane wake angevifuata jioni hiyo. Mjomba, fundi wa kompyuta, alichomeka flashi, akaingia kwenye BIOS, programu inayoamsha mashine, akaanza kuisasisha ili iielewe prosesa hiyo.

“Itajiwasha yenyewe,” alionya. “Asiiguse mtu. Mgonjwa haamshwi katikati ya upasuaji.”

Akavuka barabara kununua wino. Mama alikuwa nje na mteja.

Chiriku akabaki na mstari wa buluu uliokuwa ukijaa polepole. Ulipofika katikati, ukasimama. Akasubiri. Haukusogea. Feni ikanguruma, ikanyamaza. Imeganda, aliwaza. Kidole kikaenda chenyewe kwenye swichi.

Kioo kikawa cheusi. Aliwasha tena na tena. Feni ilizunguka, kioo hakikuwaka.

Mjomba aliporudi na mama, Chiriku alisema kuwa kompyuta ilimaliza vizuri, halafu ikafa. Mjomba akashika bisibisi. Kama ilimaliza, alieleza, basi ubao mkuu wa kompyuta umeungua. Ataubeba, na kupata mwingine ni kazi ya wiki nzima. Mama akaketi taratibu, akauliza yule mjane ataambiwa nini. Skrubu ya kwanza ikaanguka mezani.

“Chiriku, leo umemeza ulimi?” mjomba aliuliza.

Chiriku akaiokota skrubu ile. “Haikumaliza, mjomba. Mstari ulikwama, nikaizima. Niliogopa kusema.”

Mjomba akaweka bisibisi chini. Ubao haukuwa umeungua, alisema. Programu ilikatwa nusu, na hilo lina tiba. Akahamishia flashi kwenye tundu la nyuma, akabana kitufe kidogo kando yake mpaka taa ikapepesa.

Mstari ukatokea. Ukajaa hadi katikati, ukasimama palepale.

Chiriku akaficha mikono kwapani. Mjomba hakusogea. Kisha mstari ukasonga, ukajaa, na kioo kikang'aa.

Mjane alipoingia, printa ilikuwa inatoa kipeperushi cha mwisho. Aliipapasa picha ya mumewe, akashukuru kwa sauti ndogo, akaondoka.

Mama akamvuta Chiriku karibu.

“Kuizima lilikuwa kosa, na mimi ndiye niliyekuzoesha swichi ile,” alisema. “Lakini uongo wako ulimpa fundi ugonjwa usiokuwepo, akataka kumpasua mzima. Ukiogopa, mwanangu, ogopa huku unasema kweli.”